Kung'aa si Kuangaza

Kiatu kikipigwa rangi vizuri kinang'aa. Sufuria iliyosuguliwa kwa jivu inang'aa. Uso wa bibi harusi unang'aa mpaka watu wanasahau chakula. Lakini stima ikipotea saa mbili usiku, hakuna mtu atakayepiga kelele, "Leteni kiatu!" Mtaitisha taa, kwa sababu taa haing'ai tu, inaangaza. Kuna kitu kinachoonekana, halafu kuna kitu kinachofanya vingine vionekane. Kiswahili kilitenganisha mambo haya mawili kitambo sana. Kompyuta bado zinahangaika nayo.

Nasema hivyo kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha. Natengeneza picha za 3D, zile unazoziona kwenye matangazo, kwenye gemu, na kwenye video za muziki ambazo bajeti haikutosha kukodisha helikopta. Natumia Blender, programu ya bure. Laptopu yangu ina miaka saba, na feni yake ikianza kuzunguka jirani wa chini anadhani nimefungua posho mill.

Tuanze na neno moja: tekscha. Unapojenga kitu kwenye kompyuta, tuseme jengo, kwanza ni umbo tupu la kijivu, kama nyumba ya mawe ambayo haijapigwa plasta. Tekscha ni picha bapa unayolivisha umbo hilo. Picha moja inabeba rangi. Nyingine inaiambia kompyuta pale pana mikwaruzo na hapa ni laini. Na kuna nyingine, ambayo ndiyo imenileta hapa: tekscha ya mng'ao. Ukiifungua peke yake ni picha nyeusi karibu yote, yenye vipande vichache vya rangi. Penye nyeusi ni kusema, "Hapa hakuna kitu." Penye rangi ni kusema, "Hapa panawaka."

Raha yake ni bei. Chukua jengo la ofisi la ghorofa thelathini, usiku. Huna haja ya kujenga madirisha mia sita, kila moja na balbu yake na mhasibu wake aliyechelewa kurudi nyumbani. Unachora sanduku moja, unalivisha picha moja nyeusi yenye vimraba vya manjano, na sanduku linageuka kuwa Upper Hill saa tatu usiku. Kompyuta haitoki hata jasho.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kwa kawaida, kila sehemu ya umbo huuliza swali moja kabla ya kuonekana: taa iko wapi, na inanifikia kiasi gani? Jibu likiwa "hakuna taa", sehemu hiyo inakuwa nyeusi. Sehemu yenye tekscha ya mng'ao haiulizi. Inajionyesha tu, rangi ile ile, mchana au usiku, jikoni au ndani ya kaburi. Na kwa programu nyingi za haraka, hapo ndipo mambo huishia. Ukuta ulio kando yake haupati chochote. Meza iliyo chini yake haipati chochote. Mtu aliyeishika hiyo taa mkononi anabaki gizani. Inang'aa. Haiangazi.

Hili si jambo la juzi. Mwaka wa 1996, id Software ilitoa gemu ya Quake. Gemu nzima ilikuwa na rangi 256 pekee, na 32 za mwisho kwenye orodha hiyo zilikuwa na ruhusa maalum: giza haliziguzi. Ukichora taa kwa rangi hizo, inaonekana hata kwenye pango jeusi tititi. Lakini taa hiyo haikuangaza sakafu. Ili sakafu ipate mwanga, aliyebuni ukumbi alilazimika kuweka chanzo kingine cha mwanga pale kando, kisichoonekana. Mchezaji aliona taa, akaona sakafu yenye mwanga, akili yake ikaviunganisha. Kumbe ni vitu viwili ambavyo havijawahi hata kusalimiana. Mwaka uliofuata, kwenye Quake II, tekscha yenyewe iliweza kuhesabiwa kama chanzo cha mwanga. Hesabu ilifanywa mapema, mwanga ukifuatwa kutoka ukuta hadi ukuta, kabla mchezaji hajawasha gemu.

Hesabu zenyewe zilikuwa zimeshaandikwa. Mwaka wa 1984, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani walionyesha kwa kompyuta chumba kidogo kitupu, chenye kuta za rangi, na jinsi rangi ya ukuta inavyomwagikia sehemu nyeupe zilizo karibu. Ukisimama kando ya matatu nyekundu jua likiwa kali, shati lako jeupe linazo hizo habari. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1986, James Kajiya akachapisha mlinganyo ambao watu wa grafiki wanauheshimu vile mwenye duka anaheshimu daftari la madeni. Ukiuvua alama zake, unasema hivi: mwanga unaotoka mahali fulani ni ule ambao mahali hapo panautoa penyewe, ukijumlisha ule ambao panaurudisha baada ya kuupokea kutoka pande zote. Kutoa, na kupokea ukarudisha. Tekscha ya mng'ao ni ile sehemu ya kwanza tu. Sehemu ya pili ndiyo ghali, kwa sababu kila kitu kinapokea kutoka kwa kila kitu.

Kwa miaka mingi niliishi vizuri na hiyo sehemu ya kwanza. Kazi zangu nyingi zilikuwa nganya. Mwenye gari anataka video ya kutambulisha gari jipya kabla halijatoka kwa fundi: jina lake ubavuni, sura za wanamuziki nyuma, mistari ya zambarau kuanzia bampa hadi bampa. Nganya haina haja ya kumwangazia mtu njia. Kazi yake ni kuonekana ikiwa bado kona mbili mbali, ili wewe uliye stejini uache ile iliyo mbele yako na usubiri hii. Hapo kung'aa kunatosha kabisa. Tekscha ya mng'ao ni kama ilitengenezewa Nairobi.

Halafu ikaja kazi ya ziwa.

Ilikuwa video ya sekunde arobaini, ya kurushwa ukutani kwenye maonyesho madogo. Maelezo ya mteja yalikuwa mafupi: wavuvi wa omena, Ziwa Victoria, usiku. Kama umewahi kulala Mbita au kisiwani Rusinga wakati wa giza, unajua anachokitafuta. Jua likishazama, taa zinaanza kuwaka kwenye maji. Moja, tano, ishirini. Baada ya muda huwezi kuhesabu, na unaona kama kuna mji mwingine umejengwa upande ule ambako mchana kulikuwa na maji matupu. Mgeni yeyote hutoa simu. Mteja aliitaka picha hiyo: mji juu ya maji, umetazamwa kutoka ufukweni, mwezi mkubwa juu, na mng'ao wa kushika macho. Kwenye ujumbe wa sauti alilirudia neno mng'ao mara nne.

Toleo la kwanza lilinichukua jioni mbili, na lilikuwa vile alivyotaka. Taa mia moja na hamsini, zote vitone vya tekscha ya mng'ao. Kwenye Blender ya zamani ninayotumia, ile njia yake ya haraka ya kutoa picha, Eevee, ina kisanduku kinachoitwa Bloom. Ukikitia alama tu, kila taa inapata ukungu wa mwanga kuizunguka, na picha inaanza kuonekana ya pesa.

Bloom ipo kwa sababu skrini ina mwisho wake. Pikseli inapofika 255 kwa nyekundu, 255 kwa kijani na 255 kwa buluu, imefika. Haiwezi kuwa nyeupe kuliko hapo. Kwa hiyo weupe wa taa na weupe wa karatasi ya fotokopi ni weupe ule ule, na jicho halioni ni kipi kinawaka. Ujanja ni kuchukua zile sehemu kali za picha, kuzififisha na kuzitandaza, kisha kuzirudisha juu ya picha. Ule ukungu ndio unaokudanganya kwamba taa ni kali. Na unakubali, kwa sababu lenzi ya kamera hufanya hivyo kidogo kwenye mwanga mkali, na jicho lako pia. Bloom ni kuiga udhaifu wa jicho ili taa ionekane na nguvu.

Wakati huo mjomba wangu alikuwa anakaa nasi Kayole. Alikuwa ametoka Mbita kuja kliniki, ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alishapewa tarehe ya kufanyiwa jicho la kwanza. Mjomba alivua omena usiku kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimwomba aangalie kazi yangu, na si kwa heshima tu. Nilitaka kujua kama boti zimekaa sawa.

Alivuta kiti mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. Akanyamaza kitambo.

"Mwezi unafanya nini hapo?"

"Mteja ndiye aliutaka, Mjomba."

"Mwezi ukiwa hivyo hatuendi. Omena atafuata taa yako kwa nini, na ziwa lote lina taa?"

Nilicheka, lakini alikuwa sahihi. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwanga unavuta wadudu na unavuta samaki, na unafanya hivyo kwa sababu hakuna mwanga mwingine. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Na cha ajabu, mwezi wenyewe hauwaki. Unarudisha tu karibu asilimia 12 ya mwanga wa jua unaoupiga, rangi yake si mbali na lami iliyochakaa. Kitu cheusi kama barabara, kisicho na mng'ao wake hata kidogo, kinashinda taa mia moja na hamsini.

"Na hizi taa," Mjomba akaendelea, "mbona zina manyoya?"

Nikamweleza habari ya ukungu, kwamba unafanya taa ionekane kali. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akatingisha kichwa.

"Hivi ndivyo ninavyoona saa hii. Nikisimama pale stejini usiku, gari likija, taa zake zimevaa manyoya. Hata balbu ya hapa ndani. Hiyo ni ugonjwa, nyathina. Ziwani haikuwa hivyo. Taa ilikuwa kitu kidogo, kikali, kimetulia."

Nilibaki nikiitazama picha. Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho kuingiwa na ukungu. Mwanga ukiingia unatawanyika humo ndani badala ya kupita, ndiyo maana mgonjwa huona taa zimezungukwa na duara la mwanga. Kumbe kile mteja alichoita uzuri, daktari alikuwa ameshakiandikia tarehe ya kutolewa. Ziwa lililokuwa kwenye skrini halikuwa lile alilovua Mjomba. Lilikuwa lile ambalo angeliona leo, kama angerudishwa na haya macho.

Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka.

"Na watu wako wapi?"

Walikuwepo. Kila boti ilikuwa na watu wanne. Nikakuza picha nikamwonyesha kwa kidole. Ila taa zilikuwa zinang'aa tu, haziangazi, kwa hiyo watu walikuwa weusi juu ya maji meusi chini ya mbingu nyeusi.

"Hawa hapa, Mjomba."

"Hao ni shimo," akasema. "Mahali mtu angekuwa."

Basi nikafunga faili na kufungua daftari, nikamwomba anieleze. Alieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo.

Taa hazikai ndani ya boti, alisema. Zinawekwa juu ya vielea vya mbao, vinaachwa majini vikisubiri samaki wakusanyike. Baadaye taa inavutwa polepole kuelekea boti, samaki wanaifuata, na wavu unawazunguka. Kwa hiyo mwanga hautoki juu kama wa balbu ya sebuleni. Unatoka chini, kando ya boti, usawa wa maji. Unashika kidevu kabla ya paji la uso. Unashika upande wa chini wa mikono wakati wavu unavutwa. Migongo inabaki giza.

"Na hakuna anayeitazama taa," alisema. "Ukiitazama, ukigeuka huoni kitu. Unaweza kukanyaga nje ya boti. Unatazama mahali taa inatazama."

Unatazama mahali taa inatazama. Nililiandika hilo vile vile.

Nikamuuliza taa zenyewe zilikuwa za aina gani. Siku hizi wengi wana taa za LED, nyeupe inayoelekea buluu, lakini enzi zake zilikuwa zile za presha, zile ambazo watu wa pwani huziita karabai. Unapiga pampu, mafuta ya taa yanageuka mvuke, na mwali unapasha moto kifuko kidogo cha kitambaa mpaka kinakuwa cheupe. Hapo nilisimamisha kalamu. Kwa sababu kwenye taa hiyo, kinachotoa sehemu kubwa ya mwanga si mwali. Ni kile kitambaa. Carl Auer von Welsbach, mkemia wa Austria, alikivumbua mwaka wa 1885: kitambaa kilicholoweshwa chumvi za madini, kikiungua uzi unakwisha na unabaki utando wa majivu unaoshikilia umbo lile lile. Mchanganyiko wake uliokuja kusambaa duniani ulikuwa takriban asilimia 99 oksidi ya thoriamu na asilimia 1 ya seriamu. Ukikigusa kinabomoka. Ukikipasha moto kinaangaza boti nzima.

Yaani tekscha ya mng'ao ilikuwepo kitambo kabla ya kompyuta. Ni kitambaa, kina umbo, kinawaka. Tofauti ni kwamba hiki hakikuacha kazi nusu.

Usiku huo nililala nikifikiria ufuo. Kwa mtu aliyesimama ufukweni Mbita, taa za ziwani ni vitone. Mwanga hupungua haraka: ukienda mbali mara mbili, unaopokea ni robo. Taa iliyo kilomita mbili ndani haikuangazii hata ukucha. Kwa hiyo kutoka ufukweni, kweli kabisa, taa hizo zinang'aa tu. Tekscha yangu ya bei rahisi haikuwa imedanganya. Ilikuwa imesema ukweli wa mtu aliye mbali. Ule mji juu ya maji upo, lakini upo kwa mgeni mwenye simu. Aliye ndani ya boti hana mji wowote. Ana duara moja la mwanga, lina wavu, lina mikono, lina nyuso tatu mbele yake, na nje ya hilo duara hakuna dunia.

Basi jambo la kuamua halikuwa kiasi cha mng'ao. Lilikuwa kamera ikae wapi. Nikaitoa ufukweni nikaipeleka kwenye boti.

Hapo bei ikabadilika. Eevee ninayotumia haiwezi kufanya kitambaa kinachong'aa kiangaze uso wa mtu. Blender ina njia nyingine, Cycles, ambayo inafuata ule mlinganyo wa Kajiya kwa kukisia: inarusha miale mingi kutoka kwenye kamera, kila mmoja unagonga kitu, unaruka, unagonga kingine, mpaka ukutane na kinachowaka. Kwenye Cycles huhitaji taa ya kujificha kando. Kitambaa chenyewe kinaangaza. Lakini miale ikiwa michache, picha inajaa chengachenga kama televisheni ya zamani iliyokosa mawimbi, na ikiwa mingi unasubiri. Kwenye mashine yangu, picha moja ya boti ilichukua dakika tisa. Video ina picha 24 kwa kila sekunde. Sekunde thelathini za boti ni picha 720. Piga hesabu: saa 108. Siku nne na nusu mchana na usiku, stima isipotee, na tokeni ziwe zimejaa.

Kilichonichukua muda zaidi ni ngozi. Ngozi yetu nyeusi gizani hairudishi mwanga mwingi kwa kuutandaza, kama ile nyeupe. Ukiiwekea namba walizozoea kwenye mafunzo ya intaneti, mtu anatoka kama amechongwa kwa makaa, na suluhisho wanaloshauri ni kuongeza taa. Lakini ngozi nyeusi inarudisha mwanga kwa njia nyingine, kwa ule mrembo wa juu, hasa ikiwa na jasho au maji. Ukingo wa shavu. Mfupa wa kifundo cha mkono. Mgongo wa pua. Nilipunguza ukwaruzo wa ngozi, nikalowesha mikono, nikaiacha taa ndogo vile vile. Nyuso zikatoka gizani zenyewe, nusu nusu, upande wa maji.

Mjomba alikuwa anapita na chai, anasimama, anaendelea. Siku moja alikaa.

"Huyu wa nyuma anafanya nini?"

"Anapiga kasia."

"Sawa. Wawili ni wa wavu. Wa nne anatoa maji kwa kopo. Boti yetu ilikuwa inavuja, huyo hakuwahi kupumzika."

Ndipo nikauliza hao wenzake watatu wako wapi sasa. Alisema amebaki yeye. Mmoja ziwa lilimchukua, wawili walikwenda kwa magonjwa, miaka tofauti. Nikauliza kama kuna picha yao. Akashangaa swali. Nani angebeba kamera usiku, ndani ya boti inayovuja? Zipo picha za harusi na za matanga, mchana, watu wamevaa koti. Za kazini hakuna hata moja. Kitu walichofanya karibu kila usiku wa giza kwa miaka ishirini, hakuna mahali popote duniani kinapoonekana isipokuwa kichwani mwake.

Nilimwambia naweza kujaribu kuwafananisha, akinieleza. Pua, kipara, chochote.

Alifikiria. "Hapana. Usiwafananishe na mtu. Wewe weka tu watu, na taa iwafikie."

Mteja alipoona boti alipiga simu badala ya kutuma ujumbe, na si kwa furaha. Mji umeenda wapi? Mbona kuna giza hivi? Watu watapita bila kusimama. Alikuwa na hoja yake, na pesa zilikuwa zake, na nilikuwa na kodi ya nyumba tarehe tano. Sikumwambia habari za Kajiya. Nilimuuliza kitu kimoja: kwenye hayo maonyesho, wavuvi wamealikwa? Akasema ndiyo, kuna kikundi kitaletwa kwa basi. Nikamwambia basi watakuja wajitafute kwenye ukuta wako, na kwenye lile toleo la kwanza hawatajipata.

Tukakubaliana hivi: sekunde kumi za mwanzo, ufukweni, taa mia moja na hamsini na ule ukungu wake anaoupenda. Mwezi nikautoa, na sikubishiwa nilipoeleza kwa nini. Kisha kamera inaingia ziwani, ukungu unapungua kadiri tunavyokaribia, na sekunde thelathini zinazobaki ni za boti. Yule anayeona mji mzuri anaendelea kutazama mpaka anakuta ni watu wako kazini.

Nilitoa picha kwa siku sita, maana stima ilipotea mara mbili. Ya mwisho ilipokamilika ilikuwa alfajiri, na Mjomba huamka mapema, tabia ya ziwani haijamtoka. Nikamwekea. Akavuta kiti mpaka pale pale pa siku zote, pua kwenye skrini. Sehemu ya ufukweni aliipita bila neno. Boti ilipofika, akainua kidole na kukiweka juu ya kioo, hapa, hapa, hapa, na hapa.

"Wanne," akasema.

Akaniuliza kama ni kweli, jicho likishafanywa, taa zitakuwa ndogo tena. Nikamwambia daktari ndivyo alivyosema, lile duara litaondoka, au lipungue sana. Tulikuwa tumebakiza siku tisa.

"Basi hiyo picha usiifute," akasema. "Kuna mambo pale siyaoni vizuri bado."